Imaam Maalik na Udi wa Kikao cha Hadiyth



Tumeletewa suala na familia ya kutoka visiwani inayoishi Sakina, pale Arusha, kwenye barabara iendayo Namanga. Mume ana mazoea ya kununua mafuta ya msandali, kichupa kidogo tu, kwa pesa ambazo mkewe anaona zingetosha matumizi ya nyumba kwa siku kadhaa. Mafuta yenyewe hayana kishindo. Ukikaa mbali na mtu aliyejipaka hunusi kitu, ukimsogelea kupeana mkono ndipo inapokujia harufu ya mti, kavu na tulivu. Mke anauliza mambo mawili. La kwanza, je, huu si israfu? La pili, ambalo sisi tunaliona ndilo zito zaidi, ni kwamba muuzaji huyaleta mafuta hayo kwa kificho na hasemi mti umekatwa wapi.

Tungeweza kujibu kwa mistari minne tukamaliza. Lakini suala la manukato mazuri, na kwa ajili ya nani mtu anayatumia, lina mwenyewe katika historia ya Uislamu. Watoto wetu wanalijua jina lake tangu chuoni na wengi hawajui maisha yake. Tumeona bora tuyasimulie, na majibu ya suala yatakuja ndani yake.

Huyu ni Imaam Maalik bin Anas, Imaam wa Madiynah. Alizaliwa hapo hapo Madiynah mwaka 93 Hijria, sawa na takriban 711 Miladia. Ukoo wake ulikuwa wa Asbah, watu wa Yemen, na babu yake, Maalik bin Abi 'Aamir, alikuwa katika Taabi'iyna waliopokea Hadiyth kutoka kwa Maswahaba wakubwa. Kwa hiyo alizaliwa ndani ya nyumba ya elimu, ingawa haikuwa nyumba ya mali.

Mama yake alikuwa 'Aaliyah bint Shurayk, wa kabila la Azd. Kina mama wanaotusoma tunawaomba wasimame kidogo hapa. Kijana alipotaka kutoka kwenda kutafuta elimu, mama alimvisha nguo nzuri, akamfunga kilemba kwa mikono yake, kisha akamwelekeza kwa Rabiy'ah, mwanachuoni mkubwa wa Madiynah wakati ule. Akamuusia ajifunze kwanza adabu ya Rabiy'ah kabla ya kujifunza elimu yake. Yote tutakayoyaeleza mbele, nguo nyeupe na udi unaofuka, yalianzia kwenye mikono ya mama huyu.

Akasoma kwa watu wengi. Alikaa miaka mingi na Ibn Hurmuz. Alimfuata Naafi', aliyekuwa mtumwa wa 'Abdullaah bin 'Umar akaachwa huru, akimsubiri nje ya nyumba yake mchana wa jua kali pasipo hata kivuli cha mti, mpaka mzee atoke. Kwa Ibn Shihaab az-Zuhriy alikwenda hata siku ya 'Iyd, kwa sababu alijua kwamba siku hiyo watu watakuwa kwenye sikukuu zao na mlango wa shekhe utakuwa mtupu. Sisi walimu wa madrasa tunajua wanafunzi wetu wanakuwa wapi siku ya 'Iyd, na hatuwalaumu.

Umasikini ukambana. Imepokewa kutoka kwa mwanafunzi wake Ibn al-Qaasim kwamba kutafuta elimu kulimfikisha Maalik mahali pa kuivunja dari ya nyumba yake na kuziuza mbao zake. Baada ya hapo ndipo dunia ilipomgeukia kwa wema, akapata riziki ya kutosha.

Tunaomba msomaji aishike habari ya mbao hizo. Mtu huyu alianza kwa kuuza mti uliomfunika kichwa ili aipate Hadiyth ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Miaka mingi baadaye, Allaah Alipomkunjulia, akawa anachoma mti wa thamani ili aitukuze Hadiyth hiyo hiyo. Mwenye kumuona katika kikao chake cha uzeeni, na hajui habari za dari, angedhani ni tajiri anayejifaharisha.

Hakukaa kufundisha wala kutoa fatwa mpaka wanavyuoni sabini walipomshuhudia kwamba anastahiki. Alipokaa, kikao chake kilikuwa na utaratibu ambao wanafunzi wake wameusimulia kwa makini, na Al-Qaadhiy 'Iyaadh ameuandika katika kitabu chake cha Ash-Shifaa.

Watu walipofika mlangoni, alitoka mjakazi akawauliza kwa niaba ya shekhe wanataka nini, Hadiyth au masuala ya fiqhi. Wakisema ni masuala, Maalik alitoka kama alivyo, akawajibu. Wakisema ni Hadiyth, mambo yalibadilika. Aliingia mahali pake pa kuogea, akaoga, akajipaka manukato, akavaa nguo mpya, akafunga kilemba na kujitanda joho. Akawekewa jukwaa la kukalia ambalo hakulikalia kwa jambo jingine lolote ila hili. Kisha hutoka kwa unyenyekevu na haiba, akakaa, na udi ukawa unafukizwa bila ya kukatika mpaka amalize kusoma Hadiyth za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Hapa pana jambo ambalo wengi wanalipita. Fatwa zilikuwa ni maneno yake yeye, ijtihadi yake na rai yake, na kwa maneno yake hakuoga upya, hakubadilisha nguo wala hakuwasha udi. Kwa maneno ya Mtume aliyafanya yote hayo. Kama udi ule ungekuwa wa kujipamba yeye, angeuwasha pale anaposifiwa yeye, pale watu waliposafiri miezi kuja kusikia anasema nini. Hakufanya hivyo. Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipimo cha manukato ya Muislamu kuliko bei iliyoandikwa kwenye kichupa.

Na udi wenyewe ni kitu cha ajabu katika viumbe vya Allaah. Mti wake unaota India na nchi za mashariki yake, na ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Unapojeruhiwa, ukungu ukaingia kwenye jeraha, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito, na utomvu huo ukikaa miaka ndani ya gogo ndio unaoligeuza likawa jeusi na zito. Hicho ndicho kipande tunachokiweka juu ya kaa la moto. Uhaba wa miti iliyopitia hayo ndio unaoufanya udi wa asli uwe ghali, na ndio maana umekuwa ukighushiwa, vibanzi vya mti wa kawaida vikarowekwa mafuta na kutiwa rangi.

Visiwani kwetu adabu hii ya Imaam Maalik haikuwa ngeni. Wazee waliwasha chetezo kwenye darsa na kwenye khitma, kaa moja na kipande kidogo cha udi, kikazungushwa kwa utulivu, na mrashi ukapita na marashi ya mawaridi. Sandali nayo tunaijua kwa jina la liwa, inayosagwa kwenye jiwe kwa maji ya mawaridi. Harufu zote hizo zilikuwa za karibu. Siku hizi tunaingia katika baadhi ya shughuli tunakuta moshi mpaka watoto wanakohoa, na nusu yake ni madawa ya kiwandani. Kila nyumba inataka harufu yake iishinde ya jirani. Huko siko.

Turudi Madiynah. Imaam Maalik alipenda nguo nzuri, nyeupe, na alichukizwa na mwanachuoni anayejitelekeza mwilini. Lakini haiba hiyo ilikwenda pamoja na mambo ambayo hayana raha ndani yake. Imepokewa kwamba hakupanda mnyama ndani ya Madiynah, akiona haya mnyama kukanyaga kwa kwato udongo ambao ndani yake amelazwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Alikwenda kwa miguu mpaka uzeeni. 'Abdullaah bin al-Mubaarak naye amesimulia kwamba siku moja Maalik akiwasomea Hadiyth, nge alimuuma mara kumi na sita. Uso ukawa unabadilika rangi, naye hakuikata Hadiyth. Alipomaliza na watu wakaondoka ndipo alipoulizwa, akaeleza kwamba alisubiri kwa ajili ya kuiheshimu Hadiyth ya Mtume. Basi chini ya moshi ule wa udi kulikuwa na mtu wa namna hii.

Alikuwa pia mwepesi wa kusema hajui. Al-Haytham bin Jamiyl amesimulia kwamba alimshuhudia akiulizwa masuala 48, akajibu 32 katika hayo kwamba hajui. Alikuja pia mtu kutoka Maghrib, ametumwa na watu wake safari ya miezi sita kwa suala moja, akarudishwa na jibu hilo hilo. Nasi tunaopokea masuala kwa simu asubuhi na kutakiwa tujibu kabla ya Adhuhuri, tunaisoma habari hii mara kwa mara.

Kisha ukaja mtihani wake mkubwa. Mwaka 145 Hijria, Muhammad bin 'Abdillaah, anayejulikana kwa jina la An-Nafs az-Zakiyyah, alisimama Madiynah dhidi ya Khalifa Abu Ja'far al-Mansuur. Ilikuwa inajulikana kwamba Imaam Maalik anafundisha kuwa talaka ya mtu aliyelazimishwa haipiti. Watawala wakaliona suala hilo lina mlango mwingine, kwamba kama talaka ya kulazimishwa haipiti, basi na kiapo cha utii kilichochukuliwa kwa nguvu nacho vipi? Akakatazwa kuisema. Hakunyamaza. Gavana wa Madiynah, Ja'far bin Sulaymaan, akaamuru avuliwe nguo na apigwe mijeledi, na mikono yake ikavutwa mpaka bega likateguka.

Zile nguo nyeupe ambazo alizivaa kwa ajili ya Hadiyth zilivuliwa mbele ya watu kwa sababu ya suala la fiqhi, lile ambalo alikuwa akilitokea mlangoni kama alivyo, bila kuoga wala udi. Alilipigiwa, na hakulirudisha nyuma. Wanahistoria wanasema cheo chake kwa watu kilipanda baada ya hapo, ikawa kana kwamba mijeledi ile ni pambo amevishwa. Naye alimsamehe aliyempiga, kwa kuwa Ja'far alikuwa na ujamaa na Mtume, na Maalik aliona haya kukutana na Mtume Siku ya Kiyama huku mtu wa jamaa zake anaingia Motoni kwa sababu yake.

Sasa tujibu suala la Sakina, kwani hapa ndipo mahali pake.

Ama kutumia manukato mazuri, hilo ni jambo lililopendekezwa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliyapenda manukato, na imethibiti kwamba alikuwa harudishi akipewa. Kununua ya bei si israfu kwa dhati yake. Linalotazamwa ni hali ya mnunuzi na nia yake. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu, na manukato ni jambo la kupendeza, hivyo kama kichupa kinapunguza chakula, ada ya skuli au dawa, mume aache. Kama nyumba imeshapata haki yake, hana lawama. Tunamnasihi tu ajitazame kama Imaam Maalik alivyojipambanua, je, anajipaka kwa ajili ya Swalah, Ijumaa, Qur-aan na mkewe, au ili watu wajue ana uwezo?

Ama la pili, mke ameona mbali na mumewe amsikilize. Msandali wa Afrika Mashariki, unaoota kwenye vilima vikavu vya miinuko yetu, mkoa wa Arusha ukiwemo, si udi wala si sandali ya India, lakini mafuta yake yanatafutwa na watengenezaji wa manukato. Mafuta hayo yamo ndani ya moyo wa shina na ya mizizi. Kwa hiyo mwizi wa msandali hakati tawi, anang'oa mti mzima na mizizi yake, na pale pakabaki shimo. Nao ni mti unaokua polepole na kuishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya jirani, hauoti popote unapoupanda. Ulivunwa hivyo mpaka mwaka 2013 ukaingizwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu hapo hauruhusiwi kuvuka mipaka bila ya kibali. Anayeishi chini ya Mlima Meru anaijua thamani ya msitu kuliko sisi wa pwani, kwani anauona mtarakwa ukipungua kwa macho yake.

Kwa hiyo akijua, au akiwa na dhana yenye nguvu, kwamba mafuta yametokana na mti ulioibwa au uliovunwa kinyume cha sheria iliyowekwa kwa maslahi ya wote, haifai kununua. Ni kusaidiana katika dhambi, na ni kuwadhulumu watu ambao msitu ni wao pia. Wenye kujua fiqhi wanakumbuka kwamba madhehebu ya Imaam Maalik ndiyo yaliyoipa maslahi ya umma nafasi kubwa mno katika hukumu. Muuzaji aulizwe na aonyeshe kibali. Asipotaka kuonyesha, yako manukato mengine ya halali, na maji ya Ijumaa pekee yanatosha. Mtu aliyeuza mbao za dari yake mwenyewe kwa ajili ya Hadiyth hafuatwi kwa mti wa wizi.

Tumalizie maisha yake. Kitabu chake Al-Muwattwa' kilikwenda kila nchi. Khalifa Al-Mansuur alitaka kukifanya ndicho sheria ya watu wote, Maalik akakataa, kwa hoja kwamba Maswahaba walitawanyika katika miji na kila watu wamepokea elimu waliyofikishiwa. Haaruun ar-Rashiyd alimtaka aende kuwasomesha wanawe, akajibiwa kwamba elimu ndiyo hufuatwa, nao wakaenda kikaoni wakakaa na watu.

Kwa sisi wengi wa visiwani tunaofuata madhehebu ya Imaam ash-Shaafi'iy, mlango ule wa Maalik una habari yetu pia. Ash-Shaafi'iy, aliyezaliwa mwaka 150, alikihifadhi Al-Muwattwa' akiwa kijana Makkah, kisha akaja Madiynah na barua ya gavana wa Makkah kwa gavana wa Madiynah ili amfikishe kwa Maalik. Gavana alipoisoma akaona ingekuwa nyepesi kwake kutembea kwa miguu mpaka Makkah kuliko kusimama kwenye mlango ule. Wakaenda, mjakazi akatoka na utaratibu wake ule ule, mwenye suala aliandike, mwenye kutaka Hadiyth aijue siku ya kikao. Maalik alipotoka aliona vibaya kwamba elimu ya Mtume inatafutwa kwa barua za watawala. Ash-Shaafi'iy akajieleza mwenyewe, Maalik akamtazama, akamkubali. Akasoma kwake, na maisha yake yote akamtaja Maalik kuwa ni mwalimu wake.

Miaka ya mwisho Imaam Maalik aliacha kwenda Msikitini, akaacha mazishi, akaacha hata Ijumaa. Watu wakasema waliyoyasema. Kila alipoulizwa alijibu tu kwamba si kila mtu anaweza kuitaja udhuru yake. Imepokewa kwamba hakuifichua mpaka mauti yalipomfikia, na ilikuwa ni maradhi ya kutokwa na mkojo bila ya kuuzuia. Alichelea kuingia katika Msikiti wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) bila ya tohara kamili, akachelea pia kuyataja maradhi yake isije ikawa anamshitaki Mola wake. Kwa miaka hiyo yote alikubali kusemwa.

Akafariki mwezi wa Rabiy'ul-Awwal mwaka 179 Hijria, sawa na 795 Miladia, baada ya kuugua siku ishirini na kitu. Alizikwa katika makaburi ya Al-Baqiy', mwendo mfupi kwa miguu kutoka Msikiti ule. Rahimahu Allaah.

Wa Allaahu a'lam.